Ichijirushii

Ichijirushii (著しい) ni kivumishi cha Kijapani cha kundi la -i, kisemwacho juu ya tofauti, badiliko au ongezeko lililo wazi kiasi kwamba halihitaji kutafutwa. Makao yake ni magazeti, ripoti na hotuba rasmi. Anayemsimulia rafiki mvua kubwa ya jana hutosheka na sugoi, neno la mazungumzo ya kawaida, na akileta ichijirushii ataonekana anasoma taarifa ya habari. Huandamana hasa na nomino za mabadiliko: ichijirushii hatten, maendeleo makubwa. Kama kielezi huwa ichijirushiku, mfano ichijirushiku teika suru, kushuka mno; badiliko laweza kuwa baya pia, maana neno hili halichagui heri wala shari. Kanji yake, herufi 著, imo pia katika chosha, mwandishi wa kitabu, ila huko husomwa cho.