Begi dogo la kamera: Mambo ya kuangalia kabla hujatoa hela

Kamera zimepungua ukubwa, lakini mabegi mengi yanayoning'inia madukani bado ni ya mzigo wa zamani: bodi mbili kubwa, lenzi nne, laptopi na stendi. Mpiga picha wa harusi mwenye bodi moja, lenzi mbili na flashi ndogo akinunua begi la namna hiyo, mambo huenda vilevile kila mara. Linamchosha, analivua, analisukuma chini ya kiti au nyuma ya spika za DJ, kisha anakimbilia picha za keki. Akirudi, halipo.

Hapo ndipo begi dogo linapojilipa. Kazi yake ya kwanza ni kukaa mwilini mwa mwenye nalo, tangu bibi harusi anatoka saluni mpaka wageni wanapanda magari saa saba usiku. Upana, uzito, mkanda na zipu vyote vinapimwa kwa swali moja: Anaweza kufanya kazi nalo saa nane mfululizo bila kulivua?

Na kinachoibiwa si kamera tu. Kamera nyingi ndogo za bei ya kati, zikiwemo Canon EOS R50 na Sony a6400, zina nafasi moja tu ya memori kadi, kwa hiyo hakuna nakala ya pili inayobaki ndani ya mashine. Begi likiondoka na kadi zilizojaa, harusi ya watu imeondoka. Kamera inaweza kununuliwa nyingine. Ile siku hairudiwi. Ndiyo maana wazoefu huweka kadi zilizotumika kwenye mfuko wa shati au wa suruali wenye kifungo, hata kama begi lina kijifuko kizuri cha kadi.

Lita zinadanganya

Mabegi ya kamera huuzwa kwa lita: lita 3, lita 6, lita 10. Namba hiyo haisemi kama kamera itaingia. Begi la sentimita 34 kwa 25 kwa 7 lina karibu lita 6, lakini R50 haikai vizuri humo kwa sababu kimo cha bodi yake ni milimita 85.5. Itaingia kwa kusukumwa, zipu itakaza, na siku moja meno ya zipu yataachia njiani.

Njia ya uhakika ni rula. Kamera ipimwe ikiwa na lenzi inayotumika zaidi, si bodi tupu, kwa sababu hakuna anayefanya kazi huku akiunganisha lenzi kila anapoona tukio. Chukua mfano wa R50 hiyo hiyo ikiwa na lenzi yake ya RF-S 18-45mm. Upana ni karibu sentimita 11.6, kimo 8.6, na kutoka nyuma ya bodi mpaka mbele ya lenzi ni takriban 11. Ikilazwa lenzi ikitazama chini, inahitaji shimo la karibu sentimita 12 kwa 9, lenye kina cha 12 hivi. Pembeni yake ikae RF 50mm f/1.8, ambayo ina kipenyo cha sentimita 7 na urefu wa 4 tu, na juu ya hiyo lenzi ibaki nafasi ya betri na kitambaa.

Jumla yake ni begi lenye nafasi ya ndani ya sentimita 22 kwa 10 kwa 15. Hizo ni lita 3.3. Mzigo wote wa kazi unaingia humo. Flashi ndogo ikiwa lazima, begi la lita 5 au 6 linatosha, mradi unene wake wa ndani usishuke chini ya sentimita 10.

Mwenye DSLR ndogo kama Canon EOS 2000D aongeze kidogo. Bodi yake ina upana wa sentimita 12.9 na kimo cha 10.1, na ikifungwa lenzi ya 18-55mm urefu wote unakaribia 15. Unene wa ndani wa sentimita 11 ndio utampa amani.

Vipimo vinavyoandikwa kwenye lebo mara nyingi ni vya nje. Sponji hula sentimita moja kila upande, wakati mwingine zaidi.

Begi lisiwe mzigo

R50 ina gramu 375 ikiwa na betri na kadi. Lenzi ya 18-45mm ni gramu 130, ile ya 50mm ni 160. Jumla ni gramu 665. Ongeza flashi ndogo, betri ya akiba, kadi na kitambaa, mzigo unafika kama kilo moja. Sasa begi lenyewe likiwa na kilo moja likiwa tupu, nusu ya anachobeba mtu huyo ni begi.

Sponji nene si lazima iwe ulinzi mzuri. Kinachovunja vifaa vidogo mara nyingi ni kugongana vyenyewe kwa vyenyewe, lenzi kwa lenzi, au kitako cha flashi kwenye kioo cha nyuma cha kamera. Kigawanyo imara kati ya vitu na sponji nzuri chini vina faida kuliko kuta nene zinazolifanya begi liwe kama boksi. Begi gumu la umbo la boksi pia halishiki mwili. Linaning'inia, linapiga nyonga, na mwenye nalo anaanza kutafuta kiti cha kuliwekea.

Jambo hili wapiga picha wa magazeti waliligundua zamani. Jim Domke, aliyekuwa mpiga picha wa gazeti la Philadelphia Inquirer nchini Marekani, alibuni katika miaka ya 1970 begi la turubai laini lisilo na umbo gumu, ili lilale ubavuni na mkono uingie haraka. Mabegi ya jina lake bado yanauzwa. Yanaonekana kama begi la fundi bomba, na hilo si kasoro hata kidogo.

Lisitangaze kilichomo

Kampuni ya Billingham ya Uingereza ilianza mwaka 1973 ikitengeneza mabegi ya wavuvi wa ndoano. Baadaye ikabaini kwamba wapiga picha wa New York wanayanunua kwa ajili ya kamera. Leo mabegi ya Billingham ni ghali na yanatambulika, lakini somo la wale wanunuzi wa kwanza bado lina maana kwa mtu anayepita Kariakoo au anayesubiri daladala Mbagala usiku: begi lisiloonekana la kamera lina maadui wachache.

Begi la bure linalokuja na kamera, lenye jina la kampuni kwa herufi nyeupe kubwa, ni tangazo la kutembea. Mkanda wa shingoni wenye jina hilo hilo nao ni tangazo, hata kamera ikiwa imefichwa. Kama begi hilo ndilo lililopo, jina linaweza kufunikwa na kipande cha kitambaa kwa fundi cherehani.

Njia ambayo wengi huisahau ni kununua begi la kawaida, halafu kuweka ndani kijaluba cha sponji chenye vigawanyo. Kampuni kama Tenba huuza vijaluba hivyo peke yake. Asiyetaka kuagiza anaweza kutengenezewa: mkeka wa mazoezi wa milimita 8 au 10 ukatwe kwa vipimo vya kamera, uvikwe kitambaa laini, ushonwe. Kisha begi lenyewe litafutwe kwenye mitumba, Karume au kwingine, ambako mabegi ya turubai na nailoni imara hupatikana kwa bei ya kueleweka. Uzuri wa njia hii ni kwamba begi likichakaa kijaluba kinahamia jingine. Ubaya ni kwamba begi la kawaida kwa kawaida halifunguki vizuri kwa juu, na hilo ni la kupima kabla ya kulipa.

Mkanda, zipu na bodaboda

Mkanda mmoja unaopita kifuani kutoka bega hadi ubavu wa pili ndio unaofaa kwa begi la ukubwa huu. Upana wake usiwe chini ya sentimita 4, la sivyo bega litauma kabla ya saa sita za kazi. Angalia pale mkanda ulipoungwa na begi: mshono uwe wa mraba wenye alama ya X katikati, si mistari miwili iliyonyooka. Ndoano za plastiki nyembamba ndizo huvunjika kwanza. Kwa anayevaa gauni la ukumbini, au mtu ambaye mkanda wa kifuani unamsumbua, begi la kiunoni linaweza kuwa bora zaidi kwa sababu nyonga hubeba uzito badala ya bega.

Mgongoni si mahali pa begi dogo kwenye mwendokasi au daladala. Liwe mbele, zipu ikigusa tumbo. Kwenye bodaboda likae kifuani, ndani ya koti kama koti lipo. Anayetembea kando ya barabara aliweke upande wa mbali na magari, kwa sababu wakwapuaji wa pikipiki huvuta mkanda wakiwa kwenye mwendo, na mkanda imara unaweza kumburuta mtu. Akivutwa, aachie. Kamera haina thamani ya shingo.

Zipu nazo zina siasa yake. Begi linalofunguka kwa kifuniko kinachoanguka mbele, mbali na mwili, humruhusu mtu kuona vitu vyake kwa kutazama chini tu. Lile ambalo kifuniko chake huja kifuani humziba. Velkro ni ya haraka lakini inapiga kelele, na padri au shehe akiwa katikati ya dua, kanisa zima litageuka kumtazama mpiga picha.

Dukani

"Hili linaingia kila kitu, bosi." Labda. Lakini aliyekwenda na kamera yake haitaji kuamini. Aipakie palepale, mzigo wote, alivae, na afanye mambo matatu. Ainame kama anafunga kamba za viatu: begi likizunguka na kumpiga usoni, mkanda au umbo havifai. Afungue na kufunga zipu kwa mkono mmoja mara kadhaa, kwa sababu mkono mwingine kazini utakuwa na lenzi. Kisha alivue, alifunge na kuligeuza juu chini, asikilize kama kuna kinachogongana.

Muuzaji akinuna, duka la pili lipo hatua kumi.

Joto, mvua na hewa ya bahari

Hapa pwani ndipo mabegi hushindwa bila mwenyewe kujua. Neno la kiwanda kwamba kitambaa kinazuia maji huhusu kitambaa. Mshono na zipu hupitisha. Masika ya Machi hadi Mei hayahitaji dakika nyingi kuthibitisha hilo. Zamani mtu alivuta mfuko wa rambo akafunika, lakini Tanzania Bara ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa tangu Juni 1, 2019. Kwa hiyo begi liwe na kifuniko chake cha mvua, na kama halina, kinunuliwe kabla ya mawingu.

Tatizo la kimyakimya zaidi ni kiyoyozi. Kamera iliyokaa ukumbini kwenye baridi ikitolewa ghafla bustanini, unyevu wa hewa hugeuka matone kwenye kioo cha lenzi, na mengine huweza kujitengeneza ndani. Dawa yake ni begi lenyewe. Kamera ifungiwe humo ikiwa bado ndani ya ukumbi, itolewe nje na begi likiwa limefungwa, iachwe kama nusu saa ipate joto taratibu. Picha za bustani zikiwa kwenye ratiba, MC aulizwe mapema.

Kwa safari ya boti kwenda Zanzibar, zipu zibaki zimefungwa muda wote ukiwa nje, maana chumvi hukausha meno yake. Mchanga utolewe kwa brashi kavu, kisha begi lifutwe kwa kitambaa chenye maji baridi. Zipu inayogoma hulainika ikisuguliwa mshumaa. Kwa ndege, betri za akiba zikae kwenye begi la mkononi, si kwenye mzigo unaopakiwa chini, na ncha zake zifunikwe zisiguse sarafu wala funguo.

Baada ya kazi kamera isilale humo. Begi lililofungwa, lenye jasho na unyevu wa Dar es Salaam, ni kitalu cha fangasi, na fangasi wakishaota ndani ya lenzi, kuisafisha kunaweza kugharimu karibu na bei ya lenzi ndogo yenyewe. Kamera ihamie kwenye boksi la plastiki lenye kifuniko kinachobana, pamoja na vipakiti vya silika vinavyofyonza unyevu. Vile vidogo vya kwenye boksi za viatu huwa vimeshashiba vikimfikia mtu, ni bora kununua vipya. Begi liachwe wazi mpaka asubuhi, mahali penye upepo, mifuko yote ikiwa imegeuzwa nje.