Wakili wa Maskini Analipwa na Nani?

Oktoba 1961, wiki chache kabla Tanganyika haijapata uhuru, wanafunzi 14 walianza kusoma sheria katika jengo la chama cha TANU jijini Dar es Salaam. Huo ndio ulikuwa mwanzo wa chuo kikuu chetu cha kwanza, na sheria ndiyo ilitangulia masomo mengine yote. Haraka hiyo ilikuwa na sababu. Nchi ilikuwa inakwenda kujitawala huku mawakili Waafrika wakihesabika kwa vidole, na hao wachache waliokuwapo walikuwa na kazi nyingine za kuendesha dola.

Nani, basi, angemsimamia mkulima wa Rombo au Iramba aliyeshtakiwa kwa kosa la jinai? Kwa sehemu kubwa ya wananchi, jibu la miaka ile lilikuwa kwamba hakuna, na wala hakuna haja. Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka 1963 iliunganisha zile mahakama za wenyeji za wakati wa ukoloni na mfumo mmoja wa kitaifa. Chini kabisa iliweka Mahakama ya Mwanzo, yenye hakimu, wazee washauri na lugha ya Kiswahili, na ikawafungia mlango mawakili. Hoja haikuwa mbaya. Kama wakili ni wa mwenye fedha tu, bora asiingie yeyote, wote wasimame sawa mbele ya hakimu. Mlango huo ulikaa umefungwa mpaka mwaka 2021, sheria iliporekebishwa na mawakili wakaruhusiwa kuingia katika Mahakama ya Mwanzo inayoongozwa na hakimu mkazi.

Kwa mahakama za juu hoja hiyo haikuweza kusimama, kwa sababu huko upande wa mashtaka una mwanasheria wake. Ndipo mwaka 1969 Bunge likatunga Sheria ya Msaada wa Kisheria katika Mashauri ya Jinai. Wazo lake la msingi lilikuwa na asili ya Uingereza, ambako sheria ya kuwatetea washtakiwa maskini ilipitishwa mwaka 1903. Mamlaka ya kimahakama ikiona kuwa haki inataka mshtakiwa awe na wakili, na kwamba mwenyewe hana uwezo wa kumlipa, ilitoa hati ya kuthibitisha hivyo. Msajili wa mahakama alimpanga wakili, na malipo yalitoka serikalini.

Ukiisoma sheria ile kwa makini unaona kwamba haikumpa mshtakiwa haki ya kudai chochote. Ilimpa jaji uwezo wa kumhurumia. Na ingawa haikusema kwamba ni kwa ajili ya kesi za mauaji peke yake, ndivyo ilivyotumika: mwenye kesi ya kuua, kwa kukusudia au bila kukusudia, alipangiwa wakili bila hata kuomba. Wengine walijitetea wenyewe.

Hata huyo wa mauaji alingoja. Mahakama Kuu ilisikiliza kesi hizo kwa vikao, na kikao kilikuwa fedha. Jaji asafiri na watumishi wake, wazee wa baraza walipwe posho, mashahidi watumiwe nauli kutoka vijijini, gari la magereza lipate mafuta, wakili apewe chake. Kimoja kikikosekana, mahabusu alirudi rumande akingoja kikao kijacho. Malipo ya mawakili hao nayo yalikuwa madogo na yalichelewa, na mkono mtupu haulambwi. Mawakili wengi walikutana na mteja wao asubuhi ya siku ya kesi, wakasoma jalada pale pale kwenye benchi, wakaingia. Wapo waliofanya kazi hiyo kwa moyo wote, na heshima yao wanastahili, lakini utetezi unaotegemea moyo wa mtu ni utetezi wa bahati.

Mambo yalianza kubadilika katika karatasi baada ya Hati ya Haki za Binadamu kuingizwa katika Katiba mwaka 1984 na kuanza kutumika mahakamani mwaka 1988. Ibara ya 13 ikampa kila mtu haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu. Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu, yule ambaye mwaka 1994 alitangaza kwamba adhabu ya kifo inakwenda kinyume na Katiba kabla ya Mahakama ya Rufani kutengua uamuzi huo, hakuiacha ibara hiyo ilale. Katika hukumu iliyoripotiwa mwaka 1992 alisema mshtakiwa maskini lazima aambiwe kwamba anaweza kuomba wakili kwa gharama za serikali. Haki usiyoambiwa kuwa unayo, aliona, ni sawa na kutokuwa nayo. Kwa maoni yangu hiyo ni moja ya hukumu bora zilizowahi kuandikwa nchini kuhusu maskini na sheria, na ni moja ya zilizofuatwa kwa uvivu mkubwa.

Tatizo liliendelea kukua mahali ambapo macho hayakuelekezwa. Wizi wa kutumia silaha una adhabu isiyopungua miaka 30 jela. Sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998 ikaweka adhabu nzito za namna hiyo kwa ubakaji. Kesi hizi husikilizwa katika Mahakama za Wilaya na za Hakimu Mkazi, si Mahakama Kuu, hivyo ule utaratibu wa kupangiwa wakili moja kwa moja haukuzigusa. Kijana wa miaka 20 aliweza kuhukumiwa kukaa gerezani mpaka afikishe umri wa miaka 50, huku mashahidi wa upande wa pili akiwahoji mwenyewe, kwa namna alivyojua.

Mmoja wa watu hao, aliyehukumiwa na Mahakama ya Wilaya ya Rombo, aliipeleka nchi yake mbele ya Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha. Serikali ilijitetea kwamba wakili wa bure ni wa lazima kwa kesi za mauaji, na kwa kesi nyingine sharti mshtakiwa aombe. Novemba 20, 2015 majaji walilikataa jibu hilo. Walisema kwa shtaka zito namna ile dola ilipaswa kumpa wakili hata kama hakuomba. Rais wa mahakama hiyo wakati huo alikuwa Augustino Ramadhani, Jaji Mkuu mstaafu wa Tanzania, lakini hakukaa kwenye shauri hilo kwa kuwa itifaki inamzuia jaji kusikiliza kesi inayoihusu nchi yake. Juni 2016 uamuzi kama huo ukatoka tena katika kesi nyingine dhidi ya Tanzania. Novemba 2019 Serikali iliondoa tamko lililowaruhusu watu binafsi kufungua kesi huko moja kwa moja.

Twende upande wa kasha la fedha, maana hukumu haimlipi wakili. Mishahara ya majaji Katiba yenyewe imeilinda, inatoka Mfuko Mkuu wa Hazina. Fedha za uendeshaji ni habari nyingine. Kwa miaka mingi Mahakama ilisubiri mgawo kama idara yoyote ya Serikali. Sheria ya Uendeshaji wa Mahakama ya mwaka 2011 ilileta Mtendaji Mkuu wa Mahakama, ili majaji wasishughulikie stakabadhi, na ikaanzisha Mfuko wa Mahakama, ambao katika vitabu vya bajeti ni Fungu 40. Bunge linaidhinisha, na Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali anakagua, kwa kuwa ibara ya 143 ya Katiba inamtaka akague hesabu za mahakama zote. Kinachobaki mkononi mwa Hazina ni lile jambo dogo lenye nguvu kuliko yote: kutoa au kuchelewesha.

Siku ya Sheria ya Februari 2016 ilionyesha hilo bila kuficha. Mbele ya Jaji Mkuu Mohamed Chande Othman, Rais John Magufuli aliahidi kwamba fedha za maendeleo za Mahakama, zaidi ya shilingi bilioni 12, zingetolewa mara moja, na katika hotuba hiyo hiyo akaitaka Mahakama iharakishe kesi za ukwepaji kodi. Watu walipiga makofi. Fedha hizo, ikumbukwe, zilikuwa zimekwisha kuidhinishwa na Bunge.

Kenya wameonja hayo kwa uchungu zaidi. Katiba yao ya uhuru ilisema wazi kwamba mshtakiwa hana haki ya wakili kwa gharama za umma. Ile ya mwaka 2010, katika ibara ya 50, ikageuza kauli hiyo kwa kesi ambazo bila wakili haki ingevunjika vibaya, na ibara ya 173 ikaanzisha Mfuko wa Mahakama. Lakini Novemba 2019 Jaji Mkuu David Maraga alisimama mbele ya waandishi wa habari akilalamika kwamba Hazina imekata bajeti ya Mahakama kiasi cha kusimamisha huduma, zikiwamo mahakama za kutembea. Mfuko wenyewe ulianza kazi mwaka 2022, miaka 12 baada ya Katiba kuutaja.

Kwetu, Sheria ya Msaada wa Kisheria Namba 1 ya mwaka 2017 ilifuta ile ya 1969. Sasa jaji au hakimu yeyote anayesikiliza kesi ya jinai anaweza kuagiza mshtakiwa asiye na uwezo apewe msaada, wasaidizi wa kisheria wametambuliwa, na kuna msajili wa watoa huduma. Hiyo ni hatua. Lakini watoa huduma wengi ni mashirika yasiyo ya kiserikali yanayoishi kwa fedha za wafadhili, na nguvu zao nyingi ziko kwenye ardhi, mirathi na ndoa. Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia, iliyozinduliwa mwaka 2023, nayo imejikita zaidi huko. Ni migogoro ya kweli, inaumiza familia. Ila mtu aliye mahabusu katika gereza la Segerea au la Butimba hawezi kwenda kwenye hema la kampeni.

Bajeti ya Wizara ya Katiba na Sheria inaposomwa Dodoma, maswali ya wabunge wengi huwa juu ya majengo: wilaya yangu itapata lini mahakama, paa la Mahakama ya Mwanzo linavuja. Waulize hayo. Waulize na hili: mwaka uliopita, kati ya watu waliosomewa mashtaka yenye adhabu ya miaka 30, wangapi walikuwa na wakili, na alilipwa kutoka kifungu gani? Waziri akijibu kwa maneno bila tarakimu, wasipitishe fungu hilo mpaka tarakimu zije.