Saburi na kungoja

Mimbarani maneno haya hupokezana kana kwamba ni mamoja, lakini Zaburi ya 40 katika Biblia ya Union Version imeyapa kazi tofauti: anayengojwa ni Bwana, saburi ni namna ya kumngoja. Mtu atauliza, si kukunja mikono huko? Sivyo. Yeremia 29 inawaagiza mateka wa Babeli, waliotajiwa miaka 70, wajenge nyumba, wapande bustani, waoze watoto, hata wauombee mji walikohamishiwa. Bustani, tena, haipandwi na aliyekwisha funga mizigo. Wala saburi si kunyamaza: Ayubu alilalamika sura baada ya sura, na bado Waraka wa Yakobo unamtaja kuwa mfano wa waliostahimili.