Roald Dahl: Shujaa Wangu na Kasoro Zake

Kitabu cha kwanza nilichokisoma hadi mwisho bila kusimamiwa na mwalimu kilikuwa Matilda. Nilikuwa darasa la sita. Kitabu chenyewe hakikuwa na jalada, kilikuwa kimepita mikono mingi pale Mji wa Kale kabla ya kunifikia. Nilikisoma barazani mchana kutwa, nikaitwa kula nisisikie. Mpaka leo nikiulizwa nani aliyenitia hamu ya kuandika, namtaja Roald Dahl, ingawa siku hizi simtaji bila maelezo.

Dahl alizaliwa tarehe 13 Septemba 1916 huko Llandaff, Cardiff, nchini Wales. Wazazi wake walitoka Norway. Babake alifariki yeye akiwa na miaka mitatu tu. Alisomea shule za bweni ambako viboko vilikuwa vya kawaida, na tangu huko akazoea kumwandikia mamake barua kila wiki. Mamake alizihifadhi, zilipita mia sita.

Wengi wetu hatujui kwamba mtu huyu aliwahi kuishi huku kwetu. Mwaka 1938 kampuni ya mafuta ya Shell ilimtuma Tanganyika. Akapitia Mombasa, akakaa Dar es Salaam, akajifunza Kiswahili. Vita vilipozuka mwaka 1939 alikwenda Nairobi kujiunga na jeshi la anga la Uingereza, na mwaka uliofuata ndege yake ikaanguka katika jangwa la Afrika Kaskazini, akaumia vibaya kichwani.

Miaka hiyo ameisimulia katika Going Solo, kitabu cha mwaka 1986. Humo mna kisa cha simba aliyembeba mke wa mpishi kwa meno, kisha akamwachia bila jeraha. Dahl anasema gazeti la East African Standard la Nairobi lilimwomba aandike alivyoona, likamlipa pauni tano, na hayo ndiyo yakawa maandishi yake ya kwanza kuchapishwa. Niliposoma hapo nilikifunga kitabu kwanza. Nilikuwa nikidhani waandishi ni watu wa mbali, wa nchi zenye theluji. Kumbe huyu malipo yake ya kwanza, kwa maneno yake mwenyewe, yalitoka Nairobi!

Baadaye aliandikia katika kibanda bustanini kwake, kijiji cha Great Missenden. Alikalia kiti kikuukuu, ubao mapajani, penseli za manjano zimechongwa tayari. Muda wa saa mbili asubuhi, saa mbili nyingine alasiri. Hivyo ndivyo vilivyopatikana James and the Giant Peach (1961), Charlie and the Chocolate Factory (1964), The BFG (1982) na Matilda (1988). Alifariki mwaka 1990.

Kilichonishika mimi ni kwamba Dahl husimama upande wa mtoto. Vitabu vingi nilivyopewa utotoni viliisha kwa mtoto kutubu na kuomba radhi. Katika Matilda anayetimua mbio ni mwalimu mkuu. Mtoto wa darasa la sita aliyechapwa asubuhi hiyo hiyo hahitaji kufafanuliwa utamu wake.

Sasa nije kwenye kasoro. Katika Charlie ya mwaka 1964, wafanyakazi wa kiwanda cha chokoleti walikuwa Waafrika wafupi waliotolewa msituni, wakasafirishwa ndani ya masanduku na kulipwa kwa mbegu za kakao. Alikosolewa sana Marekani, na katika toleo la mwaka 1973 akawageuza kuwa watu weupe wa nchi ya kubuni. Mwaka 1983 alisema maneno mabaya juu ya Wayahudi, na familia yake ikaja kuomba radhi mwaka 2020, yeye keshazikwa miaka 30.

Habari hizi nilizipata nikiwa chuoni, nikavitia vitabu vyake sandukuni. Hasira yangu kubwa ilikuwa kwa sababu ya Dar es Salaam. Mtu amekaa na watu wetu, amepikiwa na wao, lugha yao anaijua, halafu akija kuandika anawatia sandukuni?

Wiki chache baadaye nikafungua daftari langu. Mlikuwa na hadithi ya watoto niliyokuwa nikiiandika, ya nyumba moja hapa Mombasa. Humo mlikuwa na msichana wa kazi aliyetoka kijijini, kazi yake kukosea Kiswahili ili watoto wacheke. Kila mtu nyumbani humo alikuwa na jina. Paka alikuwa na jina. Yeye hakuwa nalo.

Nikampa jina, Kadzo, na hapo hadithi ikaniharibikia. Mzaha wote ulikuwa umemwegemea yeye, na mwenye jina hachekeki kirahisi. Nimeiandika upya mara nne. Vitabu vya Dahl nimevirudisha rafuni, Charlie pia.

Juzi nilimpa mpwa wangu wa miaka tisa aisome. Akaimaliza, akaniuliza, "Mjomba, mbona Kadzo haendi skuli na wenzake?" Sikuwa na jibu. Sura hiyo ndiyo ninayoiandika sasa, saa mbili kila alfajiri kabla ya kwenda kazini.