Hatari ya Moto wa Nyika: Historia ya Istilahi Chache

Neno "utabiri" asili yake ya Kiarabu yahusu kufasiri ndoto. Huduma ya hali ya hewa ya Afrika Mashariki ilianzishwa na Waingereza mwaka 1929. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, Tanzania ilijitegemea katika kazi hiyo, na katika miaka iliyofuata neno la ndoto likawa neno la vipimo. Hatuna ugomvi nalo. Ugomvi wetu ni na "utabiri wa moto", maneno ambayo wafasiri huyatumia kwa jambo lisilotabiriwa na mtu yeyote.

Tuitazame historia ya jambo lenyewe. Katika miaka ya 1960 Alan McArthur wa Australia alitengeneza kipimo kilichounganisha joto, unyevuanga, kasi ya upepo na ukame. Alama 100 iliwakilisha hali ya tarehe 13 Januari 1939, siku ambayo moto uliua watu wengi katika jimbo la Victoria. Kanada nayo ilitoa kipimo chake mwaka 1970, kikitegemea vipimo vya adhuhuri pamoja na mvua ya saa 24. Vyote viwili havisemi kwamba moto utawaka. Vyasema kwamba ukiwashwa, utaenea namna gani. Kinachotabiriwa ni hewa. Moto hukadiriwa hatari yake. Kwa hiyo twapendekeza "kiwango cha hatari ya moto".

Moto wa wapi? Wengi huandika "moto wa msitu", nasi twaona neno hilo halimfai msomaji wa Ngulyati, wilayani Bariadi. Huko kinachoungua aghalabu ni majani. Wasukuma wana ngitili, malisho yanayofungwa tangu masika ili yawafae ng'ombe wakati wa kiangazi. Desturi hiyo ilihuishwa na mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, tangu mwaka 1986, Bariadi ilipokuwa bado katika Mkoa wa Shinyanga (Simiyu ilizaliwa mwaka 2012). Basi akiba ya mfugaji ndiyo kuni ya moto: kadiri ngitili inavyotunzwa vema, ndivyo majani makavu yanavyozidi kusimama humo kiangazi kinapokomaa, na cheche moja yaweza kuwanyima ng'ombe chakula cha miezi. McArthur mwenyewe alitenga kipimo cha nyasi, akaingiza humo ukavu wa majani. Kwa sababu hiyo twachagua "moto wa nyika".

Radi yahitaji uangalifu zaidi. Mfasiri akiandika kwamba moto umesababishwa na "umeme", msomaji wa leo atafikiria nyaya. Tuandike "radi", ingawa kwa Kiarabu neno hilo ni ngurumo. Tena, katika nchi nyingine radi hupiga huku mvua ikikaukia angani kabla ya kufika chini. Hiyo twaweza kuiita "radi kavu". Ngulyati radi huja kwa kawaida pamoja na mvua. Moto wa kiangazi huko hutoka zaidi mikononi mwa watu: kusafisha mashamba, kurina asali, kuchoma mkaa.

Limebaki neno "tahadhari". Mamlaka ya Hali ya Hewa hutumia "angalizo", "tahadhari" na "tahadhari kubwa" kwa mvua na upepo. Hayo ni maonyo. Hatari ni hali, tahadhari ni tendo la kuikabili. Afisa anayeandika "tahadhari ya moto imepanda" amevichanganya viwili hivyo. Tangazo la kijiji lingeweza kusomeka hivi: "Hatari ya moto wa nyika leo ni kubwa, kwa sababu ya upepo na majani makavu. Mtu yeyote asichome shamba."