Eropleni Zilivyofika Kigoma

Mtu akisimama Mwanga, kati ya Kigoma na Ujiji, huona ndege ikishuka, akadhani habari zake hapa ni za juzi tu. Sivyo. Eropleni za kwanza kuijia Kigoma hazikuleta abiria wala barua. Zilikuwa ndege za majini za Wabelgiji, zilizoruka kutoka ng'ambo ya ziwa mwezi wa Juni 1916, zikatupa mabomu bandarini ilimokuwa meli Graf von Götzen, ile ile ambayo tangu 1927 yaitwa Liemba.

Ndege za amani zilikawia. East African Airways ilipoanza safari mwaka 1946 ilikuwa na ndege 6 za Dragon Rapide, zilizoundwa kwa mbao na kitambaa, nazo zilitoka Nairobi kwenda Mombasa, Tanga, Unguja na Dar es Salaam. Katika rasilimali ya shirika Kenya ilitoa karibu 68 kwa mia, Tanganyika 9 tu. Basi si ajabu njia zikaanzia huko. Kigoma ilibaki na reli yake, iliyofika mwaka 1914.

Shirika lile lilivunjika mwaka 1977, ikazaliwa Air Tanzania. Hapo ndipo aina ya ndege ilipokuwa jambo kubwa kwetu. Boeing 737 hutaka uwanja mrefu ulio imara. Bali Fokker F27, yenye injini mbili za pangaboi, iliweza kutua juu ya changarawe. Hata Q400 zilizonunuliwa mwaka 2016, zikatumwa tena Kigoma, nazo ni za pangaboi.