Udongo, Chokaa na Uhai wa Magofu ya Kilwa

Magofu ya Kilwa Kisiwani yamezoeleka kuelezwa kuwa ushahidi wa ustaarabu wa mawe. Maelezo hayo ni ya kweli, lakini hayajakamilika. Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331, aliusifu mji huo kwa uzuri wake na akasema kuwa umejengwa kwa miti. Huko Shanga, katika kisiwa cha Pate, uchimbaji ulioongozwa na Mark Horton katika miaka ya 1980 ulibainisha kuwa msikiti wa mawe ulitanguliwa na misikiti ya miti, iliyoanzia karne ya 8. Jiwe, basi, liliwekwa juu ya ujuzi uliokwishakuwapo.

Ujuzi huo umo pia katika lugha. Anayejenga kiambaza husimamisha nguzo, hufunga fito, hutomea vijiwe, kisha hukandika udongo. Kila kitenzi ni hatua ya kazi, na mpangilio wake ni elimu kamili.

Elimu hiyo ina manufaa katika uhifadhi. Ukuta wa kale wa matumbawe na chokaa hupitisha unyevu. Ukizibwa kwa saruji, maji na chumvi hubakia ndani, na mawe humeguka nyuma ya lipu inayoonekana nzima. Kwa sababu hiyo chokaa ndiyo dawa ya ukuta wa chokaa.

Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 yalitangazwa kuwa hatarini, na mwaka 2014 yakaondolewa katika orodha ya hatari. Hata hivyo, bahari na mvua havikukoma. Ukuta huhitaji mkono wa fundi mwaka baada ya mwaka.

Inapobidi kujenga jengo jipya kando ya magofu, liwe la kiambaza na makuti, lisiegemee ukuta wa kale, na lijengwe na mafundi wa kisiwani. Vijana watajifunza kazi hiyo kwa kuifanya. Nasi wanafunzi wa lugha tukae karibu nao tukiandika istilahi zao, kwani kazi ikiachwa, vitenzi vyake navyo vitabaki magofu ndani ya kamusi.